Mashine Isiyojua Kuaga

Ukitaka kunikasirisha asubuhi, nipigie simu, useme "imeganda", halafu ukate. Meneja wa redio yetu alikuwa bingwa wa mchezo huo. Jumamosi sijamaliza hata kikombe cha chai pale nyumbani Lisekese, simu inalia: "Dada, imeganda!" Kata. Nami navaa viatu na kitumbua kiko mdomoni, nasimamisha bodaboda, na njia nzima mpaka Masasi mjini namsema peke yangu. Siku moja dereva alipunguza mwendo akageuza shingo, akaniuliza nagombana na nani huko nyuma.

"Na mkubwa wangu," nikamwambia.

"Yuko wapi?"

"Ofisini. Twende, nikamalizie huko."

Redio yetu ni ndogo, ila inasimama kwa miguu miwili. Mguu mmoja uko Masasi, kwenye mtambo wa kurushia matangazo na kiti cha meneja, ambaye ndiye pia mtangazaji wa Jumamosi. Mguu wa pili uko Newala, kule juu, kwenye vyumba viwili vya mbele vya nyumba ya mama mmoja mjane. Yeye ndiye msimamizi wa studio ya huko, na watu wote tunamwita Mama Studio. Mimi ni fundi wa kompyuta wa kote kuwili.

Nyimbo, mahojiano, hadithi za wazee, salamu za wasikilizaji, vyote tunavihifadhi kwenye mashine mbili kubwa, seva kama tunavyoziita sisi mafundi. Moja iko Masasi, nyingine iko Newala, na zinazungumza kwa njia ya minara. Faili likiingia, linaandikwa kwenye mashine zote mbili hapo hapo. Kompyuta ya studio ikitaka wimbo, inauchota kwa zote mbili, kipande huku, kipande kule. Nilizifunga mimi mwenyewe kwa mikono yangu, na siku ya kuzizindua nikasimama mbele ya watu nikasema, "Moja ikifa, nyingine inaendelea. Msikilizaji hatajua kitu." Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimevaa gauni jipya, nikajiona mimi ndiye mimi.

Ikaingia kipupwe, na msikilizaji akajua.

Kipindi cha Jumamosi asubuhi ndicho kinachopendwa kuliko vyote. Meneja anapiga nyimbo zilizorekodiwa akiwa Masasi, kisha anaita Newala, na kikundi cha ngoma cha kina bibi wa kule kinapiga moja kwa moja kutoka studio kwa Mama Studio. Basi ikawa kila Jumamosi, kabla kidogo ya kuwaita kina bibi, kompyuta ya meneja inaganda. Wimbo unakatika katikati ya neno. Kishale hakisogei, ukibonyeza hiki hakikubali, ukibonyeza kile ndiyo kabisa. Kimya karibu dakika nzima, halafu kompyuta inaamka yenyewe na kuendelea kama vile haikufanya kitu.

Dakika moja ya kimya kwenye redio ni ndefu kuliko foleni ya maji. Meneja, maskini, ilimbidi ajaze pengo kwa mdomo. Hana maneno mengi yule, kwa hiyo kila mara alisimulia habari ya mbuzi wake aliyekula shati la harusi. Mji mzima ukamjua yule mbuzi. Sokoni wakawa wanamuuliza kama mbuzi hajambo. Mama yake mzazi, aliyeko Lulindi, akampigia simu kumuuliza kama ameanza kuugua.

Nilifanya kila linalofanywa na fundi aliyechanganyikiwa. Nilibadilisha kebo. Niliipangusa kompyuta vumbi ndani na nje. Nilimfokea meneja kwa kuweka chupa ya soda juu ya meza, ingawa soda haikuwa na kosa lolote. Na kila ilipoganda nilimpigia simu Mama Studio.

"Mama, shikamoo. Mashine ya huko inawaka?"

"Marahaba, mwanangu. Inawaka. Taa zote za kijani."

"Una hakika?"

"Nimesimama mbele yake, nitakudanganya nini?"

Hakuwa anadanganya. Hilo ndilo lililonitesa.

Mwisho meneja aliniita, akafunga mlango. Mtu akifunga mlango katika ofisi yenye feni mbovu ujue ana neno. "Dada, mimi nimechoka kuchekwa," akasema. "Ikiganda Jumamosi moja tena, naifunga Newala. Mashine ishuke huku, studio iwe moja tu. Nimeshaamua."

"Na kina bibi je?"

"Watapanda gari waje."

Kina bibi wapande gari! Kina bibi wenye magoti yanayolia wakikaa na wakinyanyuka, pamoja na ngoma zao, kila Jumamosi, kutoka Newala mpaka Masasi alfajiri ya baridi! Nilitoka mle ofisini nikibamiza mlango, ukagoma kubamizika kwa sababu bawaba imelegea, ikabidi niurudishe polepole kwa mkono. Hasira yangu haijawahi kupata mlango mzuri.

Aliyenikaa moyoni zaidi alikuwa Mama Studio. Watoto wake wameolewa mbali, na mumewe alikwishatangulia. Kabla ya redio, nyumba ile ilikuwa kimya tangu asubuhi. Sasa wanaingia watu, wanaimba, wanasalimiana, wanabishana juu ya nani asogee karibu na maikrofoni, na yeye ndiye mwenye ufunguo. Nilipompigia kumweleza alicheka. "Wakifunga, mwanangu, nitabaki na kuku wangu. Nao hawajui kuimba, wanajua kulalamika tu." Akacheka tena, kisha akaniuliza ufunguo wa studio atamkabidhi nani.

Nikapanda Newala katikati ya wiki. Nikiwa kule nilifanya jaribio ambalo fundi yeyote angelifanya. Nilimwita meneja kwa simu, nikamwambia apige wimbo wowote, kisha nikaizima mashine ya Newala. Nikaizima vizuri, kwa utaratibu wake, inafunga hiki, inafunga kile, mpaka taa zikalala.

"Vipi huko?"

"Wimbo unaenda," akasema meneja. "Haujatikisika."

Nikaiwasha, nikaizima tena. Wimbo unaenda. Nilitamani kulia. Mashine zinafanya vilevile kama nilivyowaahidi watu, na Jumamosi zinanigeuka. Mama Studio alikuwa jikoni anachemsha ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo mtu wa huku ukimpa na chumvi kidogo anasahau shida zake. Nikasikia honi ya gari la kushuka Masasi. Nilikuwa na hasira na kila kitu chenye waya. Nikakusanya vyombo vyangu, nikakimbia, nikapanda.

Nimefika Masasi, sijakaa sawasawa, simu ikalia.

"Uko wapi wewe?" Alikuwa Mama Studio.

"Niko nyumbani, mama."

"Nyumbani! Lahaula! Sisi tumekukalia hapa tunakusubiri! Nimetenga ming'oko, nimewaita majirani waje wamsalimie fundi, tumekaa, tumekaa, tukasema labda yuko chooni. Nikatuma mtu agonge choo. Hatujala mpaka sasa hivi!"

"Mama, nisamehe, gari lilikuwa linaondoka."

"Ungesema! Mtu akiaga tunajua kaondoka, tunakula chakula chetu. Wewe umetoweka tu. Tutajuaje kama unarudi?"

Nikaomba radhi mpaka ulimi ukakauka. Nilipokata simu nikabaki nimesimama katikati ya sebule. Mume wangu akaniuliza kuna nini.

"Imetoweka," nikamwambia. "Haikuaga!"

"Nani?"

"Mashine ya Newala!"

Akaniangalia kama mtu anayefikiria kumwita mkwe wake. Lakini mimi nilikuwa nimeshika mkia wa jambo. Mimi kule Newala niliizima mashine kwa adabu. Ilipozimwa iliwaambia wenzake, jamani, mimi naondoka, na kompyuta ya Masasi ikasema haya, ikageukia mashine ya pili bila kupoteza pumzi. Je, ingeondoka bila kusema? Ingekatwa ghafla? Si kompyuta ya Masasi ingekaa na ming'oko mezani, inamsubiri?

Kesho yake nilifika ofisini kabla ya mfagiaji. Taarifa ya habari ilikuwa inasomwa chumba kingine, kwa hiyo kompyuta ya nyimbo haikuwa hewani. Nikapiga wimbo, nikatoka nje, nikaichomoa kebo ya mnara unaotuunganisha na Newala. Sikuzima kitu. Nilichomoa tu. Nikarudi ndani mbio.

Imeganda! Kishale kimekufa, wimbo umekatika katikati ya neno!

Nilipiga kigelegele. Meneja aliyekuwa anaingia mlangoni akaangusha funguo. "Imekuwaje?"

"Imeganda, bosi! Imeganda!"

"Na wewe unafurahi?"

"Sana!"

Ugonjwa ukishauona unaweza kuutibu. Ndani ya kompyuta za studio kuna mahali palipoandikwa isubiri kwa muda gani kabla ya kumkatia tamaa mwenzake asiyejibu. Palikuwa pameachwa kama mtengenezaji alivyopaacha, na mtengenezaji ni mtu mwenye subira kubwa, hafanyi kazi redioni. Sisi tuna kanuni yetu tuliyolelewa nayo. Ukifika kwa mtu unapiga hodi. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimya, unageuka unaenda zako. Huketi mlangoni mpaka jua linazama. Nikaifundisha hivyo kila kompyuta: piga hodi, na usipojibiwa upesi, nenda kwa mashine ya pili. Nikachomoa tena. Wimbo ukakatika kidogo sana, kama mtu anayemeza mate, ukaendelea.

Meneja alitazama yote hayo mikono ikiwa mfukoni. "Vizuri," akasema. "Lakini kwa nini Newala inatoweka? Kwa nini Jumamosi tu?"

"Sijui bado."

"Hujui bado." Akaokota funguo zake. "Basi Jumamosi itasema. Ikiganda, nimeshakwambia."

Nusu ya kazi nilikuwa nimeimaliza, na nusu ilikuwa huko huko juu. Ijumaa nikapanda tena Newala. Safari hii nilianza kwa kupiga magoti mlangoni kwa Mama Studio, mzaha lakini na ukweli ndani yake, naye akaninyanyua kwa kunivuta sikio.

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa mzito, kuku wa Mama Studio wanasikika hawaonekani. Kina bibi wakaja mmoja mmoja, masweta juu, kanga chini, na wapiga ngoma wawili wanaume wamebeba ngoma mabegani. Kiongozi wao ni bibi mmoja mfupi kabisa, anayefika kifuani kwangu, lakini sauti yake inaingia chumbani kabla yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?" Akanipandisha na kunishusha. "Mwembamba hivi? Nilidhani ni waya wameuvika gauni."

Wenzake wakaangua kicheko.

"Umeolewa?"

"Nimeolewa, bibi."

"Na mume wako naye ukitoka humuagi? Au ni sisi tu wa Newala?"

Mama Studio akajifanya anatazama sufuria. Kumbe habari ilishazunguka mtaa mzima! Nikajua hapa leo sina pa kujificha, nikacheka nao.

Wakati wa kipindi ulipokaribia niliingia studio, nikavuta kigoda, nikakaa uso kwa uso na ile mashine. Ilikuwa pembeni kabisa, na betri lake kubwa chini yake. Nikaweka kompyuta yangu ya mkononi mapajani. Nikajiapiza kwamba leo sibandui macho. Mama Studio akaja kuniita nikanywe uji, nikakataa. Akarudi na kikombe; nikakinywa nikiwa bado nimeikodolea mashine, na nusu ya uji nikajimwagia. Redio ya jikoni ilikuwa inasikika, meneja anapiga nyimbo za zamani huko Masasi. Nyuma yangu watu wanaingia, wanapanga vigoda, wanakohoa, wananong'ona Kimakonde. Nikasikia harufu ya kitu kama kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa, nikasema moyoni, leo tutakula vizuri.

Wimbo wa redio ya jikoni ukakatika.

Mbele yangu taa zote za mashine zinawaka, kijani kabisa. Kompyuta ya mapajani imeandika hakuna mtandao. Niliona sura ya meneja akisimama kitini, niliona mashine ikipakiwa kwenye gari, na Mama Studio amesimama barazani na kuku wake.

Halafu wimbo ukameza mate, ukaendelea pale pale ulipoachia.

Hodi imefanya kazi! Nilitaka kuruka, lakini swali likanibana: mashine imetowekaje wakati mimi nimeikodolea macho? Nikageuka.

Nyuma yangu, kwenye ile pembe nyingine, bibi kiongozi alikuwa amechuchumaa na wale wapiga ngoma wawili. Katikati yao kuna jiko la umeme, koili yake imeiva nyekundu, na juu yake wameishikilia ngoma kubwa, ngozi imetazama chini, wanaizungusha polepole, taratibu, kama mtu anayegeuza chapati. Waya wa jiko umechomekwa mahali palipokuwa na plagi nyingine. Na ile plagi iliyochomolewa imelazwa juu ya kitambaa safi kilichokunjwa vizuri, isipate vumbi.

Ilikuwa plagi ya swichi ya mtandao, kile kisanduku kidogo cha vitaa kinachoiunganisha mashine na mnara. Mashine yenyewe ilikuwa hai na betri lake, taa za kijani, haina habari. Ila ilikuwa imekatwa ulimi.

"Bibi," nikasema, "mnafanya nini?"

"Si unaona? Tunaiotesha ngoma moto. Ukungu huu ukiingia kwenye ngozi inalegea, ukiipiga inalia kama godoro."

"Na kila Jumamosi mnafanya hivi?"

"Tangu baridi ilipoanza. Wakati wa jua tunaianika tu pale uani."

"Kwa nini msiioteshe moto nje, kama watu wote?"

Mama Studio, aliyekuwa amefika mlangoni, ndiye aliyejibu. "Meneja wenu alikataza moto. Siku ile alipokuja, moshi ulimwingia, akafanya hivi." Akafanya. Alikohoa kikohozi cha meneja chote, na kushika mkanda, na kufuta miwani, na mkono wa kuamuru, "Ma-ru-fu-ku moto hapa!" Wapiga ngoma walicheka mpaka ngoma nusura iangukie kwenye koili. "Basi tukaheshimu," akasema. "Nikawapa jiko langu la umeme."

"Na kwa nini mkachomoa hiki?"

Bibi akanionyesha kwa kidole, mwalimu kabisa. "Hii ya maikrofoni, ina kazi. Hii ya taa, ina kazi. Hii ya simu ya mwenye nyumba, tukiigusa atatufukuza. Hiki hapa kina vitaa vinachezacheza, hakuna anayekigusa, hakuna anayekiuliza. Tukasema, huyu yuko hapa kwa urembo. Na tukimaliza tunamrudisha kama tulivyomkuta. Sisi si watu wa kuacha vitu vya watu ovyo."

Nilicheka. Jamani, nilicheka nikaanguka kutoka kwenye kigoda. Wiki zote zile, kebo, vumbi, chupa ya soda, hasira zangu za kwenye bodaboda, kumbe ngoma ilikuwa inasikia baridi! Nilicheka hadi machozi, na kina bibi wakacheka kwa kuniona mimi nacheka.

Mama Studio peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika fremu ya mlango. "Kwa hiyo ni sisi," akasema. "Ni jiko langu."

"Mama, hamkujua."

"Meneja atajali kama tulijua? Atasema, si niliwaambia, watu wa huko hawafai kukaa na mashine." Akashusha sauti. "Usimwambie, mwanangu. Rudisha hicho kidude, tunyamaze."

Nikakirudisha haraka, vitaa vikaanza kucheza. Lakini nisimwambie? Angeniuliza tu, "kwa nini Newala inatoweka," na mimi sijui kudanganya, uso wangu unasema kabla ya mdomo. Nikamwambia hivyo. Mama Studio akafumba macho.

"Niachieni mimi," akasema bibi kiongozi, akijifunga kanga kiunoni. "Huyo nitamweleza mwenyewe."

"Utamweleza lini? Tunaingia hewani sasa hivi!"

"Ndiyo hapo hapo."

Kabla sijafungua kinywa, sauti ya meneja ikaja kwenye spika: "Na sasa tunapanda Newala. Newala, mpo?"

"Tupo, baba!" akaitika bibi, na ngoma ikaanza.

Nyimbo zao ni za Kimakonde. Siku ile akaimba Kiswahili, ili Masasi nzima isikose neno. Alikuwa anautunga pale pale, mdomoni, na wenzake wanaitikia:

*Meneja kakataza moto, ee!*
*Moshi umemwingia jichoni.*
*Ngoma yetu inatetemeka baridi,*
*nani ataivika sweta?*

*Tukaona kidude cha vitaa, ee!*
*Tukasema hiki hakina kazi.*
*Kumbe tukikigusa Newala,*
*meneja anatusimulia mbuzi!*

*Na fundi kaja kulinda mashine, ee!*
*Macho kodo, uji kifuani.*
*Nyuma yake tunachoma ngozi,*
*anasema leo kuna supu!*

Ile ya supu sijui aliitoa wapi, sikuwa nimemwambia mtu. Labda uso wangu, kama nilivyosema. Sikuweza kucheka wala kulia. Mkono wangu ulikuwa umebanwa na wa Mama Studio. Alikuwa anasikiliza maisha yake yakiimbwa hewani.

Ngoma ikamaliza kwa pigo moja. Hapo ndipo meneja huwa anasema asanteni sana Newala.

Hakusema kitu.

Kimya. Kina bibi wakanitazama. Nikatazama swichi: vitaa vinacheza. Nikatazama mashine: kijani. Nikatazama kompyuta yangu: Masasi ipo, Newala ipo, kila mtu yupo. Kimya kikazidi kurefuka. Mama Studio akaninong'oneza, "Imeganda?"

"Haijaganda, mama," nikasema. "Huyo ni yeye mwenyewe."

Na kweli, ukisikiliza vizuri ulisikia kitu kwenye spika, kitu kinachobanwa puani. Kikabanwa, kikabanwa, kikashindikana. Meneja wetu, mtu asiyecheka hata kwa mshahara, aliangua kicheko hewani. Alicheka akakosa pumzi, akagonga meza, akajaribu kusema "wasikilizaji" mara kadhaa na kila mara likamkatikia katikati. Masasi yote ikamsikia, na mama yake kule Lulindi, nina hakika.

"Mama Studio," akasema alipoweza.

"Abee, baba."

"Washeni moto."

Mama Studio akaachia mkono wangu, akajifunika uso kwa ncha ya kanga. Mabega yakawa yanacheza.

"Kila Jumamosi washeni," akaendelea meneja, bado anafuta pua, tunamsikia. "Ila nikija, mniweke upande usio na moshi. Tuendelee. Bibi, tuimbie nyingine, lakini mbuzi wangu muacheni."

Walimwacha? Thubutu! Wimbo wa pili wote ulikuwa wa mbuzi.

Siku ile niliihamishia swichi kwenye betri kubwa la mashine, plagi yake nikaificha nyuma ambako hata mimi naipata kwa tabu. Moto ukawashwa uani, nyuma ya jiko, ngoma zikaota moto wa kuni na kulia hadi mtaa wa pili. Halafu nikaaga. Nilimuaga Mama Studio, nikamuaga bibi, nikawaaga wapiga ngoma na majirani, nikawaaga na kuku. Gari la kwanza likaniacha, la pili likaniacha, nikala ming'oko mpaka nikalegeza mkanda, na nilipoondoka hapakuwa na mtu hata mmoja Newala asiyejua kwamba nimeondoka.

Wimbo ule umehifadhiwa. Wasikilizaji wanauomba kila wiki, kutoka Ndanda wanauomba, na nikipita sokoni Masasi wauza mboga wananiuliza kama leo kuna supu. Siku moja nilishindwa kuvumilia. Nikaingia kwenye mashine ya Masasi kwa mlango wa nyuma, peke yangu, hakuna anayeniona, nikalifuta lile faili. Nikanawa mikono, nikanywa chai.

Jumamosi ikafika, msikilizaji akauomba, meneja akabonyeza, na bibi akaanza kuimba uji kifuani, safi kabisa, bila kukatika hata neno. Mashine ya Newala ilikuwa imeona mwenzake kapungukiwa na kitu, ikamrudishia. Ndivyo nilivyoifundisha.